Mzee alikuwa mwalimu wa kwaya na ametutoka: anzeni na madaftari yake (mwongozo kamili wa kutunza nyimbo, sauti na historia yake)

Baba yangu alifundisha kwaya kwenye usharika wetu wa KKKT (Walutheri) huko milimani Lushoto kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mkulima wa kabichi na viazi, baba wa watoto saba, na sijawahi kumuona anapanda kitandani bila kupiga magoti kwanza hata siku zile anarudi amelowa mpaka kwenye mifupa. Tulipomzika tuliandika wasifu usiku wa kuamkia mazishi, tukausoma, watu wakalia, wakala, wakaondoka, tukaona kazi imeisha. Miezi mitatu baadaye ndo dada yangu akauliza, hivi lile begi la nota liko wapi? Kimya. Kumbe begi lilichukuliwa kwenye kugawa vitu, aliyepewa alikuwa anataka begi tu, madaftari akayatoa akayaweka jikoni. Kwenye jiko la kuni. Yalikuwa sita, tuliyakuta manne.

Kwa hiyo ninachoandika hapa nimekijua kwa maumivu. Kama mna mzee wa namna hiyo, ametangulia juzi au miaka kumi iliyopita, fuateni mpangilio huu, na kama bado yupo hai basi nyie mna bahati, anzeni hatua ya nne leo leo.

Na msidhani ni sisi tu. Ukiimba Mungu Ibariki Afrika unaimba tuni ya Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mwalimu wa kwaya kabisa kama wazee wetu, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897 akafariki 1905 akiwa bado kijana. Nyimbo zake alikuwa anaziandika kwa mkono kwenye daftari, kwa solfa hizi hizi za d r m, nota za herufi. Alipofariki, watu wa kwaya wakawa wanakuja kuazima kwa mjane wake, wanarudisha, wanaazima tena, mwisho daftari likapotea. Wimbo mmoja umekuwa wa mataifa, mwingi wa mzigo wake uliobaki haujulikani ulipo. Sasa kama daftari la Sontonga limepotea, la mzee wenu lina kinga gani?

Hatua ya 1: Zuieni vitu visitoke ndani

Hii ifanyike ndani ya siku za msiba kabisa, kabla ya kuanua matanga na kabla mtu hajagawa hata shati. Chagueni mtu mmoja, awe mtu wa karibu anayeheshimika na asiyeona aibu kusema hapana, shangazi anafaa sana kwa kazi hii. Yeye akusanye kila chenye muziki au maandishi: madaftari, karatasi zilizochomekwa kwenye Biblia na kwenye kitabu cha nyimbo, kaseti, mikanda ya video, simu yake pamoja na laini, memori kadi, barua, picha, ratiba za zamani za mashindano ya kwaya, kinanda kama kipo. Na kile kifilimbi cha kutafutia sauti, maana watoto wanakigeuza mdoli siku ya pili tu.

Weka kwenye sanduku moja lenye kufuli. Mtu wa kwaya akija kuomba daftari "mara moja tu tukapige kopi", mwambieni kwa heshima zote kwamba kopi atapewa, lenyewe halitoki. Anaweza kununa, mwacheni anune. Wengi wanaoazima si wezi, ni watu wanaompenda mzee kweli kweli, ila ndo hao hao vitu hupotelea mikononi mwao.

Simu yake msiifomati wala msimpe mjukuu. Yetu ilikuwa na sauti kumi na moja alizojirekodi akitafuta tuni usiku, unasikia na mbuzi huko nyuma.

Hatua ya 2: Pigeni picha kila ukurasa

Skana si lazima, simu yoyote yenye kamera nzuri inatosha. Kaeni karibu na dirisha mchana, zima flashi, daftari liwe limelala bapa mezani na simu iwe juu yake kabisa, isiinamie upande. Pigeni kuanzia kava la mbele mpaka la nyuma, na kurasa ambazo mnaona hazina maana, zile za mahesabu ya mbolea na majina ya waliochelewa mazoezi. Kwenye la baba ukurasa wa madeni ndo ulitupa tarehe ya wimbo wake mkubwa, maana alikuwa ameandika bei ya dawa ya kabichi na siku aliyonunua pembeni ya ubeti wa pili.

Sasa hapa kwenye solfa kuwa makini, maana vijana wetu wengi hawazisomi. Mambo yanayopotea ni madogo madogo sana:

Juu kabisa ya wimbo kuna maneno kama "Doh ni G". Msiyakate kwenye picha. Ndo ufunguo wenyewe, bila hapo hamjui mzee aliuweka wimbo wapi.

Kuna vialama vidogo kama koma kwenye herufi, kikiwa juu sauti inapanda oktavo, kikiwa chini inashuka. Picha ikiwa na ukungu vinapotea vyote na bezi wenu ataimba vitu vya ajabu.

Nukta mbili zinatenganisha mapigo, kistari maana yake shikilia sauti. Ukichapa kwenye kompyuta na kompyuta ikakurekebishia nafasi zenyewe, mapigo yote yanavurugika.

Na "fe" si makosa ya kuandika. Ni fa iliyopandishwa nusu, kama vile "ta" ni ti iliyoshushwa. Mpwa wangu alichapa nyimbo nane akiwa "anasahihisha" fe zote kuwa f, tukashangaa kwa nini nyimbo za mzee zimepooza.

Picha zipeni majina yanayoeleweka, mfano daftari2_uk014, msiziache na yale manamba ya simu. Kuchapa upya kunaweza kusubiri hata mwaka. Wakati ukifika, mnaojua nota za mistari tumieni MuseScore, programu ya kompyuta ambayo ni ya bure na inaweza kuwachezea wimbo mkasikia kama mmekosea. Wa solfa tupu mchape kwenye jedwali, kila pigo na chumba chake, haliyumbi.

Hatua ya 3: Kaseti

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo watu wanaharibu.

Kitu cha kwanza kabla hata ya kuiweka kwenye redio, angalia juu ya kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki pembeni, upande ule usio na utepe. Vivunje. Hivyo ndo vinaruhusu kurekodi, vikiwa vimevunjika mtu akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya hakifanyi kazi. Sekunde mbili tu.

Pili, angalia utepe kupitia kidirisha. Ukiona unga mweupe ni ukungu, usiicheze, itachafua redio na redio itachafua kaseti zote zinazofuata, mpelekee mtu anayejua kusafisha. Iliyokatika usiiunge kwa selotepu ya kawaida, gundi yake inatoka pembeni ukikaa na inakamata mizunguko mingine, kuna utepe maalumu wa kuungia.

Redio isafishwe kichwa kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke. Anza na kaseti ambayo hamuijali, ya mahubiri ya mtu mwingine huko, muone kama redio haili utepe. Kisha ya mzee izungushe mbele mpaka mwisho na kuirudisha mwanzo bila kuicheza, ili utepe uliokaa miaka ishirini ulegee.

Halafu tumieni umeme, msitumie betri. Betri ikichoka redio inazunguka taratibu na wimbo wote unashuka, mtasema mzee aliimbisha kwenye F kumbe ilikuwa G. Na hapa ndo yale maneno ya "Doh ni G" yanarudi kuwasaidia: cheza kaseti, tafuta G kwenye kinanda, linganisha. Ikiwa tofauti, basi mwendo wa redio ndo mbovu (au waliimba wameshuka, kwaya za kijijini tunajuana), msikilize na kasi ya maneno ndo muamue.

Kutoka tundu la hedifoni la redio, pitisheni waya wenye vichwa viwili vya milimita 3.5 mpaka kwenye kompyuta. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja tu na halipokei sauti ya redio vizuri, kwa hiyo nunua kile kikadi kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia, si ghali. Rekodini kwa programu ya Audacity, ni ya bure. Voliumu ya redio iwe nusu hivi, na kwenye skrini mawimbi yasigonge juu, sehemu ya kelele kubwa kabisa ikifika kama desibeli -6 inatosha. Mawimbi yakigonga, sauti inapasuka na hakuna dawa.

Hifadhi kwanza kama WAV, MP3 mtatengeneza baadaye za kugawa. WAV ya kawaida ya stirio inakula kama MB 10 kwa dakika, kwa hiyo kaseti ya dakika 60 ni kama MB 600, mtu aandae flashi au diski ya maana. Na hakuna njia ya mkato, kaseti ya saa moja inarekodiwa kwa saa moja. Mimi nilikuwa nafanya moja kila jioni huku mama anasikiliza pembeni anamenya viazi, anataja majina ya wanaoimba, namwandika. Zile jioni zimenipa historia kuliko mahojiano yote.

Nakala ziwe tatu: moja kwenye diski nyumbani, moja kwa ndugu anayekaa mji mwingine, moja mtandaoni. Grupu la WhatsApp la ukoo si hifadhi. Picha zikipita pale zinabanwa zinapungua ubora, mtu akitaka kutuma kitu kizima atume kama dokumenti.

Hatua ya 4: Waendeeni waimbaji wa zamani, sauti moja moja

Wazee wengi waliandika sauti ya kwanza tu, zile tatu nyingine walizifundisha kwa mdomo. Kwa hiyo nusu ya wimbo iko kwenye daftari, nusu nyingine iko kwenye vichwa vya kina mama na wazee waliotawanyika Korogwe, Tanga, Dar, wengine wagonjwa. Hao ndo haraka kuliko kaseti.

Mtu akienda aende na zawadi, sukari, kitenge, mnajua wenyewe. Asianze na simu. Aamkie, apewe chai, aeleze amekuja kwa nini, aombe ruhusa ya kurekodi na ruhusa ya kuwasikilizisha wengine. Simu iwekwe kwenye hali ya ndege, ikae kama shibiri mbili kutoka mdomoni, juu ya kitambaa isitetemeke na meza. Zimeni feni na TV. Mvua ikianza kwenye bati, pumzikeni tu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuwakusanya watano pamoja. Ilikuwa furaha kubwa ila kwenye rekodi kila mtu alimfuata yule mama wa sauti ya kwanza mwenye nguvu, sauti ya pili ikapotea kabisa. Mchukueni mmoja mmoja kwanza, mpigieni doh kwenye kinanda au simu, mwacheni aimbe sauti yake peke yake, hata kama haipendezi ikiwa peke yake. Kuwakusanya kuwe mwisho.

Akisema maneno amesahau, msimlazimishe. Mwambieni asimame, aimbe kwa la la la. Mama mmoja wa sauti ya pili alituambia hakumbuki kitu, aliposimama na kuanza kuyumba vile walivyokuwa wanayumba, beti tatu zikatoka bila kusita.

Maswali yenye faida ni haya ya vitu vidogo. Wimbo huu aliuleta lini, ilikuwa Krismasi, Pasaka, au msiba wa nani? Alikuwa anafanya nini mkikosea? Mazoezi yalikuwa siku gani na taa ilikuwa ya nini? Nani aligombana naye na waliishaje? Swali la "alikuwa mtu wa namna gani" liacheni, jibu lake mnalijua tayari, alikuwa mcheshi mpole mwenye upendo, kama marehemu wote wa nchi hii.

Hatua ya 5: Kupanga miaka

Wazee hawakumbuki tarehe ila wanakumbuka matukio. Ulizeni ilikuwa kabla au baada ya Uhuru 1961, Azimio la Arusha 1967, kuhamia vijijini miaka ya kati ya sabini, vita vya Kagera 1978 mpaka 1979, au kifo cha Mwalimu Nyerere 1999. Kisha mlinganishe na karatasi: kitabu cha ubatizo na cha ndoa pale usharikani au parokiani, cheti cha kipaimara, leaving ya shule. Ombeni kwa mchungaji au padri mapema, na mwende na mwaka wa kukisia, maana vile vitabu vinafuata tarehe si majina. Cheti cha kifo fuatilieni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mapema pia, mambo ya mirathi yatakihitaji.

Hatua ya 6: Kuandika wasifu

Ule wa mazishini uwe mfupi, dakika nane zisizidi, pimeni kwa saa ya simu mtu akisoma kwa sauti. Ugonjwa upewe sentensi mbili. Nimehudhuria misiba ambapo nusu ya wasifu ni majina ya hospitali na vipimo, mtu ameishi miaka sabini na tano tunasikia miezi mitano.

Majina ya watoto ndo pabaya. Kaeni kikao kabla, wote watajwe, na kama kuna mtoto wa nje anayejulikana atajwe kwa jina kama wenzake, msimwache agundue pale kaburini mbele ya watu kwamba hayumo. Wakubwa wa ukoo waisome kwanza ili mabishano yaishie chumbani.

Ule mrefu wa kuchapa kijitabu andikeni taratibu baada ya arobaini, mkishapata ya hatua ya nne. Kuhusu imani yake, msiandike "alikuwa mcha Mungu", andikeni alichokuwa anafanya. Baba yangu aliamka saa kumi na moja alfajiri akaomba kwa sauti ya chini akitutaja mmoja mmoja kwa kufuata kuzaliwa, mimi wa sita, nilikuwa nasubiri jina langu halafu narudi kulala. Hiyo naona inatosha, msomaji atajua mwenyewe.

Na msimfanye malaika. Sisi Jumamosi hatukuwa na baba, alikuwa wa kwaya. Mama alivuna peke yake misimu mingi kwa sababu kulikuwa na mashindano ya jimbo, na siku moja alimficha viatu asiende. Tulibishana sana kama hilo liingie, mama mwenyewe ndo akasema liandikwe, tena na viatu vyenyewe vitajwe rangi.

Hatua ya 7: Nyimbo ni mali

Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, na ya Kenya ya 2001 vile vile, hakimiliki inadumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo warithi mna haki. Pelekeni orodha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, Kenya ni KECOBO. Kabla ya hapo tenganisheni kwa uaminifu: zipi alitunga mwenyewe, zipi alibadilisha maneno tu, zipi ni za kitabuni alizozipangia sauti. Kwenye madaftari zinachanganyika zote na mzee hakuandika kila mahali.

Mimi ushauri wangu kwaya za makanisa msizidai hela, dai jina. Kuna kwaya imerekodi wimbo wa baba ikaandika "mtunzi hajulikani", tukawapigia simu wakabadilisha siku hiyo hiyo na kutuomba nota nyingine.

Hatua ya 8: Ibada ya kumbukumbu na kaburi

Mwaka mmoja unafaa, waimbaji wa zamani wanaweza kujipanga. Chagueni nyimbo nne, sio kumi. Mazoezi matatu, nota za kuchapa zenye herufi kubwa kubwa kwa ajili ya wenye miwani. Na shusheni ufunguo, wimbo wa G upelekeni F au hata E, wale kina mama waliimba huo wimbo wakiwa na miaka ishirini na tano sasa wana sabini, msiwaumize. Wapeni watu wa tarumbeta taarifa mapema kwamba ufunguo umeshuka, la sivyo mtasikia maajabu.

Kwenye kaburi andikeni majina yake yote matatu na mwaka, kwa kuchonga, rangi inafutika. Kaburi la Sontonga lilikaa bila kujulikana miongo mingi, na moja ya sababu ni kwamba kwenye vitabu vya makaburi aliandikwa kwa jina la Enoch wakati watafiti wanamtafuta kwa Sontonga, mpaka 1996 ndo likatangazwa kumbukumbu ya taifa kule Afrika Kusini. Mzee wetu kijiji kizima kilimwita "Mwalimu", na kulikuwa na hoja kali kwamba msalaba uandikwe Mwalimu tu inatosha. Makaburini kwetu walimu wako tisa.

Sisi tumebakiza wimbo mmoja, wa Pasaka, hauna sauti ya tatu. Kuna mzee yuko Korogwe tumeambiwa ndiye aliyeimba hiyo sauti ya tatu, kapooza upande mmoja ila anaongea. Jumamosi naenda, simu nimeshafuta video kupata nafasi, na sukari kilo mbili ziko kwenye begi. Begi lile lile, tulirudishiwa.